Jiko Lililoyeyuka Nyuma ya Bibi

Nianze na kosa lenyewe, maana nimechoka kulizunguka. Niliombwa picha ya jiko zima, nikarudi na kope za mtu mmoja.

Aliyeniomba ni Bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi aliyemzaa mama yangu. Anaishi Uyole kwa binti yake, katika chumba cha mbele ambacho dirisha lake hutikisika kila lori linapopita. Tangu avunjike nyonga hawezi kukaa kwenye basi kutoka Mbeya mpaka Ilula, achilia mbali kupanda kilima kutoka Ilula hadi nyumbani kwao, ambako bibi yangu alirudi kuishi baada ya babu kufariki. Ndugu hawa wawili walikulia huko, katika jiko moja la udongo na nyasi ambalo mama yao alilijenga kwa mikono yake. Walipika humo, walilala humo wakati wa baridi, na siku ya kuolewa Bibi mdogo alitokea humo.

Mwaka jana, kabla ya mvua, mjomba aliamua kulibomoa. Hakuwa na nia mbaya. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni, na tofali za kuchoma na bati za jiko jipya zilikuwa tayari zimepangwa uani. Mafundi wangeanza Jumatatu. Bibi mdogo alipopata habari aliniambia, "Wewe si ndiye mwenye kamera? Nenda kaniletee jiko letu."

Walikuwa wameshajaribu simu. Binti yake, ambaye mimi namwita mama mdogo, alipiga simu ya video, mjomba akaingia nayo jikoni, na sisi huku Uyole tukaona giza tupu linalozungumza.

"Dada, uko wapi?" Bibi mdogo aliuliza.

"Niko hapa mbele yako," giza likajibu.

Mjomba akapiga picha kwa flashi, akaituma. Flashi iligonga moshi, moshi ukaurudisha mwanga wote, ikatoka picha nyeupe kama shuka iliyoanikwa. Ndipo wote wakanigeukia mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa na lenzi.

Naomba niieleze kidogo, maana bila hivyo kosa langu halitaeleweka. Kila lenzi ina tundu ndani yake linalofunguka na kujifunga, kama mboni ya jicho la paka. Upana wa tundu huandikwa kwa namba, na namba zenyewe zimekaa kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Lenzi zinazokuja na kamera za kawaida hufunguka mpaka tatu na nusu hivi. Yangu, ya milimita hamsini, ambayo mtu mwingine aliitumia kabla yangu, hufunguka mpaka moja nukta nne. Ukiitazama kwa mbele ikiwa wazi hivyo, ni kama kuchungulia kisimani. Inaona mahali ambapo macho yako mwenyewe yanapapasa.

Lakini ina sharti. Kadiri tundu linavyopanuka, ndivyo sehemu inayoonekana kwa ukali inavyokuwa nyembamba. Ukimsogelea mtu unaweza kupata kope kali kama sindano, masikio yake yakawa yameanza kulainika, na vyote vilivyo nyuma yake vikayeyuka kuwa rangi tu. Wapiga picha tunaupenda uyeyukaji huo. Tunautafuta makusudi.

Nimejifunza kazi hii mwenyewe, kwenye simu, nimelala kitandani na kamera kifuani. Shida ya kujifundisha ni kwamba huna mwalimu wa kukuambia imetosha. Kila picha ninayopiga huikuza mpaka mwisho wa kioo nikitafuta kosa, na nikilipata hujiinamia kana kwamba nimeitwa kwa mwalimu mkuu. Najua si jambo la mtu mwenye akili zake. Nalifanya hivyo hivyo.

Na kosa ninaloliogopa kuliko yote ni chenga, zile punje punje zinazojitokeza ukiilazimisha kamera ione kwenye mwanga mdogo. Nilipoanza kupiga harusi Mbeya sikuwa na lenzi hii. Ukumbi ulikuwa na taa za zambarau tu, nikailazimisha kamera, na dada wa bibi harusi alipoziona picha aliita mbele ya watu, "We dada, mbona picha zina mchanga? Ulitupigia jangwani?" Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda chooni nikalia. Tangu siku hiyo niliapa: chenga kamwe. Lenzi ya moja nukta nne ilikuwa ngao yangu.

Basi Jumamosi asubuhi nilifika kwa Bibi, ngao shingoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunipokonya jiko siku zake za mwisho?"

"Nimekuja kulipiga picha."

"Lipige vizuri. Yule mdogo wangu ana macho ya kunguru, atahesabu kila kitu."

Nilipoinama kuingia, harufu ya udongo mbichi ilinipokea kabla ya moshi. Bibi alikuwa amelisiriba jiko upya, sakafu na kuta, kama wanavyofanya watu wakikaribia Pasaka. Mikono yake ilikuwa bado na udongo kwenye kucha. Mjomba alisimama mlangoni akitikisa kichwa.

"Mama, unalisiriba jiko ambalo keshokutwa tunalibomoa?"

"Kwani wewe siku ukifa hutaoshwa?"

Mjomba akaondoka zake.

Kwa Bibi, picha si jambo la kuviziana. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kufunga kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amelisogeza jiwe la kusagia kutoka nyuma ya mtungi ili lionekane. Alikuwa ameufungua mlango wa nyuma, ule mdogo, ambao kwa kawaida hufungwa kuzuia kuku. Akaanza kunionyesha kimoja kimoja, akikigusa: hili jiwe ni lake, mdogo wangu ndiye alikuwa anasaga na mimi nachota maji, huu ufa ndipo alipochomeka kijiti cha kufungia mbuzi wake, haya mahindi ya mbegu juu ya dari, yanapigwa moshi palepale alipokuwa akiyaweka mama, hiki kigoda...

Nilisema, "Ndiyo, Bibi." Kila mara, "Ndiyo, Bibi." Lakini macho yangu yalikuwa kwenye namba. Ningekuwa mkweli siku ile ningemwambia anyamaze kidogo, ananivuruga hesabu. Orodha hii naiandika leo kwa sababu baadaye ilinibidi kuiomba tena.

"Bibi, tupige kwanza bila moto. Moshi utatusumbua."

"Jiko bila moto ni banda. Unataka aone banda?"

Akachochea. Kuni zilikuwa na unyevu kidogo, moshi ukapanda, ukafika kwenye dari la miti, ukatanda. Na hapo, siwezi kukataa, palikuwa na uzuri. Jiko lile lilikuwa na kidirisha kimoja cha ukubwa wa sahani. Mwanga uliingia kwa mlango wa mbele ukiwa umenyooka kama ubao, ukapita kwenye moshi, ukamwangukia Bibi shavuni alipokaa nyuma ya mafiga. Kipima mwanga cha kamera kiliniambia ninachopaswa kufanya. Ningeweza kufunga tundu mpaka tano au sita, jiko lote likaonekana, na nikakubali chenga. Niliwaza hilo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha nikamsikia yule dada wa harusi akisema mchanga, nikafungua lenzi mpaka mwisho.

Ukipiga hivyo kwa karibu, pumzi yako tu inatosha kukutoa kwenye fokasi, ile sehemu nyembamba yenye ukali.

"Bibi, usitikisike."

"Sijatikisika tangu uingie. Wewe ndiye unayeyumba kama mlevi wa ulanzi."

Nilipiga zaidi ya mia mbili. Nyingine fokasi ilidaka kope, nyingine ilimruka Bibi ikaenda kunata ukutani nyuma yake, na kila ilipofanya hivyo nililaani kimoyomoyo. Bibi alikaa. Moshi ulimtoa machozi, hakuyafuta, kwa sababu nilikuwa nimemwambia asitikisike. Tulipomaliza alinyoosha mgongo taratibu akaniuliza, "Umepata vyote?"

"Vyote, Bibi."

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa barabarani husimama.

Jumapili nilipanda basi Ilula. Lilikaa kidogo, wauza nyanya wakanyanyua ndoo mpaka madirishani. "Dada, chukua za kupeleka Mbeya!" mmoja aliniita, na abiria wa nyuma yangu akamjibu, "Mbeya unadhani tunakula mawe?" Watu wakacheka. Mimi sikununua wala sikucheka. Nilikuwa nimewasha kamera mapajani na nimeanza kufuta.

Sijui wenzangu wanafanyaje. Mimi siwezi kukaa na picha mbovu ndani ya kamera. Nikijua ipo, naisikia kama kokoto kwenye kiatu. Kwa hiyo kila picha ambayo uso wa Bibi haukuwa mkali, niliifuta. Nakumbuka moja vizuri. Uso wa Bibi ulikuwa ukungu mtupu, lakini nyuma yake ukuta ulionekana kwa namna ambayo ungeweza kuugusa: michirizi ya vidole vyake kwenye udongo mpya, ufa wa kijiti cha mbuzi, mahindi juu ya dari, hindi moja moja. Nikasema kwa sauti, "Takataka," nikabonyeza. Mama aliyekaa kando yangu akavuta kikapu chake karibu, akidhani nimemwambia yeye.

Tulipoingia kwenye misitu ya misonobari ya Mafinga zilikuwa zimebaki kumi na moja. Zote uso. Zote kope kali, na nyuma rangi ya asali. Nilijisikia safi, kama mtu aliyetoka kuoga.

Jioni hiyo hiyo, kabla hata sijampigia Bibi mdogo kumwambia nimerudi, niliituma moja kwenye kundi letu la wapiga picha. Naungama hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Aliyenituma alikuwa anasubiri Uyole, na mimi nilikuwa napeleka kwanza kwa watu nisiowajua sura. Sifa zilikuja. "Dada umeua!" "Hiyo lenzi ni moto." Mmoja aliuliza kama nilipigia studio. Nilichukulia kuwa ni sifa kubwa kuliko zote.

Nikaisafisha, nikaenda kuichapisha kubwa, nikaitia fremu. Nikachapa na nakala ndogo, saizi ya kadi, ili Bibi mdogo aiweke kwenye kitabu chake cha nyimbo. Alhamisi nilifika Uyole nimekumbatia fremu.

Bibi mdogo aliishika kwa mikono miwili akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Alitazama muda mrefu. "Dada amezeeka," alisema. Akapitisha kidole kwenye mashavu ya Bibi, kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikikaribia kutabasamu. Kisha akaigeuza fremu, akatazama mgongo wake.

"Na ya jiko iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Bibi. Yuko jikoni."

Akaigeuza tena. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Hii ya kahawia ni nini?"

"Ni ukuta."

"Na hili duara?"

"Nadhani ni sufuria. Au mtungi."

"Unadhani? Si ulikuwepo?"

Mama mdogo alijaribu kunitetea. "Mama, ndizo picha za kisasa hizo. Nyuma huwa wanapaficha."

"Wanapaficha kwa nini? Kulikuwa kuchafu? Dada hakusiriba?"

"Alisiriba, Bibi," nilisema. "Alisiriba jiko zima, na kuta."

"Sasa wewe umepaficha kwa nini?"

Nilikuwa na jibu la lenzi, la namba, la mwanga kidogo, nikafungua mdomo kulitoa, nikaliona jinsi lilivyo. Aliiweka fremu kitandani kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko makofi.

"Mjukuu wangu," alisema, "dada yangu namjua. Hata nikiwa kipofu ningemjua akikohoa. Mimi nilikutuma jiko."

Niliporudi chumbani kwangu mjini nilifungua zile kumi na moja nikaanza kuzing'arisha, kuzikoza, kuzivuta, kana kwamba jiko limejificha tu nyuma ya pazia na nikivuta kwa nguvu litatoka. Halikutoka. Rangi ya asali ilibaki rangi ya asali. Nikakumbuka zile nilizofuta. Kuna programu za kufufua picha zilizofutwa, lakini Jumatatu nilikuwa nimeifuta kadi yote ya kamera ili kupiga mahafali ya chekechea. Nilijaribu hata hivyo. Nilichofufua ni nusu ya mtoto aliyevaa joho na mwalimu asiye na kichwa. Nilicheka peke yangu kwa hasira mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikampigia mjomba.

"Paa tumeshalishusha," alisema. "Kuta bado, tunasubiri simenti. Ukiwahi utazikuta."

Ijumaa nikawa barabarani tena.

Sijui nilitegemea nini. Pengine nilitegemea lile lile jiko likiwa na huzuni kidogo. Nilichokuta ni mwanga. Ulikuwa umejaa humo ndani mpaka kwenye nyufa, mwanga wa saa sita, mweupe, wa juu, wa bure. Masizi ya miaka yote kwenye kuta yaling'aa kama lami. Mwanga wote niliowahi kuulilia katika kumbi na makanisa ya Mbeya ulikuwa umemiminwa mle, na hapakuwa tena na jiko la kuumulika. Nilisimama katikati na lenzi yangu ya gizani shingoni kama mtu anayetembea mchana na koroboi iliyowashwa.

Bibi alikuwa amekaa nje, mgongo umeelekea kuta, anapukuchua maharage. Nilimwambia ukweli. Nilimwonyesha picha ile kwenye simu. Aliitazama, akanirudishia.

"Mimi nimetoka vizuri," alisema. "Sasa kusiriba kwangu kote kuko wapi?"

"Bibi, naomba uingie ukae tena palepale. Dakika moja tu."

"Humo? Nikae kama kuku kwenye tenga lisilo na kifuniko, majirani wananichungulia?"

"Dakika moja, Bibi."

"Nilishakaa. Nilikaa Jumamosi mpaka mgongo ukafa ganzi, na moshi machoni. Kwani wewe ulikuwa unapiga nini?"

Hakupandisha sauti. Aliendelea na maharage yake. Nilimbembeleza, nikakaribia kulia, na ndipo akaniambia kwa ukali kwamba nisimlilie hapo, kama nina machozi nikayapeleke Uyole. Kwamba kukaa hatakaa, lakini kusema atasema. Nikaingia peke yangu. Nikafunga tundu la lenzi mpaka nane, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miezi. Yeye akanitajia kutoka nje, bila kugeuka, kile alichokuwa ameniambia siku ile nikijibu ndiyo, ndiyo.

"Jiwe umeliona?"

"Nimeliona."

"Ni lake. Ufa wa mbuzi?"

"Uko wapi, Bibi?"

"Kulia kwa mlango wa nyuma, usawa wa kiuno cha mtoto. Weka mkono, utausikia."

Niliweka mkono. Kidole kiliingia. Nilipiga. Dari lilikuwa limebaki miti mitatu, mahindi yamehamishwa, nikapiga miti. Mafiga hayakuwa na moto, nikapiga mafiga. Michirizi ya vidole vya Bibi kwenye udongo ilikuwa imeanza kupasuka kwa jua. Mwisho nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikalipiga jiko zima kwa picha moja. Kila kitu kilitoka kikali kuanzia mbele hadi nyuma, bila punje moja ya chenga. Ni picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga, na nilikuwa na hasira nayo tangu ilipokuwa bado ndani ya kamera. Mjomba alikuja akaniuliza kama nimemaliza, simenti imefika.

Niliichapisha kubwa, nikaipeleka Uyole bila fremu. Sikuwa na moyo wa fremu.

Bibi mdogo aliitandaza mapajani. Swali lake la kwanza lilikuwa lile nililolijua njia nzima.

"Mbona kuna mbingu?"

Nikamweleza. Alitikisa kichwa polepole. Kisha kidole chake kikaanza safari. Kiligusa jiwe, kikakaa. Kikaenda mlango wa nyuma. Kikashuka kulia, usawa wa kiuno cha mtoto, bila mimi kumwonyesha, kikakuta ufa.

"Mbuzi yule alikuwa na kichwa kigumu," alisema. Lori likapita, dirisha likatikisika. "Ni hapa. Hapa ndipo penyewe. Lakini dada hayupo."

"Alikataa kuingia, Bibi."

"Hata mimi ningekataa." Akanyoosha mkono kwa binti yake. "Niletee kile kitabu cha nyimbo. Na mkasi."

Nilielewa anachotaka kufanya kabla mkasi haujafika, na nilikaribia kumzuia. Alitoa ile nakala ndogo kwenye kitabu, akavaa miwani, akaanza kumkata Bibi. Alimzunguka taratibu, kitambaa, sikio, bega. Ile rangi ya asali ya nyuma, ule uyeyukaji ambao watu waliuita moto, ulianguka mapajani mwake kwa vipande vilivyojikunja, na alipomaliza aliupangusa kwa kiganja ukaanguka sakafuni pamoja na makombo ya chai. Mama mdogo akaleta tonge la ugali uliobaki mchana. Bibi mdogo akalifinya, akalipaka nyuma ya dada yake, akambandika juu ya picha kubwa, nyuma ya mafiga.

Niliona makosa yote kwa mara moja. Mwanga wa Bibi ulitoka kushoto na wa jiko ulitoka juu. Hakuwa na kivuli. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko mtungi. Kona ya kitambaa ilikuwa imekatwa.

Mama mdogo alikuwa wa kwanza kucheka. "Mama, kichwa cha mama mkubwa kimekuwa kama boga!"

"Hata utotoni kilikuwa hivyo," alisema Bibi mdogo. Aliisogeza picha mbali, mikono imenyooka. "Haya. Sasa amekaa."

Alimwambia binti yake aibandike ukutani, mkabala na kitanda. Ile ya fremu, nzuri, ilikuwa imeegemezwa nyuma ya kabati, na hakuna aliyeitaja. Kisha akanigeukia.

"Na yeye hajawahi kukiona chumba hiki. Nipige nimpelekee. Lakini uweke kila kitu. Kitanda, fimbo, redio, dirisha na barabara yake. Na hiyo ukutani, ajue nimemweka."

Nje ukungu wa Uyole ulikuwa umeshuka, na ndani palikuwa na mwanga wa kubahatisha tu. Mkono wangu ulishazungusha lenzi mpaka moja nukta nne kabla sijauamuru. Nilimwomba Bibi mdogo aitaje tena ile orodha. Akaitaja, na safari hii nilikitafuta kila kimoja kwa jicho mpaka nikakiona. Nikairudisha namba mpaka sita. Nikailazimisha kamera ione, kama siku ile ya harusi. Lori likapita, dirisha likapiga kelele, Bibi mdogo akacheka kwa sababu mama mdogo alikuwa bado anasema boga, na hapo hapo nikabonyeza.

Ina chenga tele. Redio inaonekana, fimbo inaonekana, lori limekatwa nusu dirishani, na kidevu cha Bibi mdogo kimetikisika. Bibi anayo huko kwake, ukutani mwa jiko jipya la tofali. Nakala iko kwenye kamera. Kila nikiifungua naikuza mpaka mwisho, naona ule mchanga, kidole kinaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufutia. Sijaifuta bado.